Homa na Mwili Kukakamaa kwa Mtu Anayetumia Dawa za Ugonjwa wa Akili: Mwongozo kwa Anayemuuguza

Mtu aliyeanza dawa za ugonjwa wa akili siku chache zilizopita, au aliyeongezewa dozi, kisha akapata homa, mwili ukawa mgumu na akaacha kuzungumza kama kawaida yake, anatakiwa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo, na dozi inayofuata ya dawa hizo isitolewe mpaka daktari amwone. Nimeliweka jambo hili mwanzoni kwa makusudi, kwa sababu huenda unasoma huku mgonjwa yuko kitandani na huna muda wa kufika mwisho. Yanayofuata ni maelezo ya namna dalili zinavyojitokeza, mambo yanayowapotosha watu wasiitambue hatari mapema, la kufanya nyumbani na njiani, la kumwambia daktari, na namna ya kurudi kwenye matibabu hatari ikishapita.

Hali hii huitwa sindromu hatari ya nyuroleptiki (nyuroleptiki ni jina jingine la dawa hizi), na hospitalini hutajwa kwa herufi tatu tu, NMS. Ilielezwa na madaktari wa Ufaransa wakiongozwa na Jean Delay mwaka 1960, miaka minane baada ya Delay huyohuyo na mwenzake Pierre Deniker kuanza kuwapa klopromazini, mojawapo ya dawa hizi, wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris. Ni nadra: makadirio ya miaka ya karibuni yanaiweka kwenye mtu 1 au 2 katika kila 10,000 wanaotumia dawa hizi, ingawa tafiti za zamani zilitoa viwango vikubwa zaidi. Uchache huo una ubaya wake, kwa kuwa mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo hata mara moja, na asipoambiwa habari ya dawa hana sababu ya kuifikiria. Zamani iliwaua wengi wa walioipata. Siku hizi, inapotambuliwa mapema na mgonjwa akahudumiwa ipasavyo, walio wengi hupona.

Dawa nyingi za saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apoteze uhalisia, hufanya kazi kwa kuizuia dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana taarifa. Dopamini hiyohiyo ndiyo inayousaidia ubongo kurekebisha joto la mwili na kuilegeza misuli pale isipohitajika kukaza. Katika NMS kazi hizo mbili huvurugika kwa pamoja: misuli hukaza mfululizo, kama ya mtu aliyejitwisha gunia na kukatazwa kulitua, na joto inalolizalisha haliondoki mwilini kwa sababu ubongo umeshindwa kulidhibiti. Misuli iliyokaza hivyo kwa saa nyingi huanza kuvunjika, protini yake huingia kwenye damu, na figo zinazojaribu kuichuja huumia. Ndiyo maana mgonjwa aliyepelekwa hospitali kwa sababu ya homa anaweza kuishia kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Dawa zinazohusika

Zinazotajwa zaidi ni haloperidoli, klopromazini, ambayo wengi huijua kwa jina la Largactil, na flufenazini, ile sindano ya kila mwezi iitwayo Modecate. Dawa za kizazi cha baadaye kama risperidoni, olanzapini na klozapini nazo zinaweza kuileta, na kwa hizo dalili nyingine huwa hafifu, hasa ugumu wa misuli, jambo linaloifanya iwe rahisi kupita bila kutambuliwa. Watu wengi hawajui kwamba baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za mzio nazo huzuia dopamini, zikiwemo metoklopramidi, yaani Plasil, pamoja na prokloperazini na promethazini. Mgonjwa wa Parkinson aliyeacha ghafla dawa ya levodopa naye anaweza kupata hali inayofanana na hii kwa kila kitu, na hatua za kumfikisha hospitali ni zilezile, ila yeye dawa yake hurudishwa badala ya kusimamishwa.

Haihitaji dozi kubwa kupita kiasi wala kosa la mtu yeyote. Mgonjwa anaweza kuwa amemeza vidonge kama alivyoandikiwa, saa ileile na kiasi kilekile, na bado ikampata. Naligusia hili kwa sababu familia nyingi hupoteza muda zikitafuta nani alikosea, au zikificha dawa kwa kuogopa kulaumiwa, wakati muda huo ni wa kutafuta usafiri.

Hata hivyo yako mazingira yanayoongeza uwezekano. Mgonjwa ambaye hajala wala kunywa kwa siku kadhaa, aliyehangaika usiku na mchana bila kulala, aliyefungwa kamba au kufungiwa kwenye chumba cha bati chenye joto, kisha akachomwa sindano kadhaa za kumtuliza ndani ya muda mfupi, ana takribani kila kitu kinachotajwa kuwa kichocheo: upungufu wa maji, uchovu, joto, na dawa nyingi kwa haraka. Kuongeza dozi kwa kasi, kutumia dawa mbili za aina hii kwa pamoja, kuchanganya na lithiamu, dawa ya kuzuia hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na kuwahi kuipata hali hii siku za nyuma, nayo ni mambo ya kuangaliwa.

Dalili zinavyokuja

Muda ndio kidokezo cha kwanza. Takribani mgonjwa mmoja kati ya sita huanza kuonyesha dalili ndani ya saa 24 tangu aanze dawa, thuluthi mbili ndani ya wiki ya kwanza, na karibu wote ndani ya siku 30. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo baada ya kuanza dawa mpya, kubadilishiwa au kuongezewa dozi, ndizo za kukaa macho zaidi, ingawa hata aliyetumia dawa kwa miaka hayuko nje kabisa ya hatari, hasa akipata ugonjwa unaomkausha maji mwilini.

Mara nyingi, ingawa si kila mara, akili hutangulia, kisha misuli, kisha joto, na mwisho moyo na presha. Mgonjwa aliyekuwa ameanza kutulia huonekana kuchanganyikiwa upya, au hunyamaza kabisa, akakodoa macho bila kumjibu mtu, au akaweweseka na kusema maneno yasiyoshikana. Ndani ya saa chache hadi siku mbili mwili hukakamaa. Ili kuupima ukakamavu huo, shika kiganja cha mgonjwa kwa mkono mmoja na kiwiko chake kwa mwingine, kisha ukunje na kuukunjua mkono wake polepole: mkono uliokakamaa kwa NMS hukinzana na wewe kwa nguvu ileile toka mwanzo wa mkunjo hadi mwisho, na miguu hufanya vivyo hivyo. Mtu anayekataa kwa hiari yake, kinyume chake, hubadilisha nguvu, huvuta, huachia, au hukutazama kwa hasira. Angalia pia kama anatetemeka, kama mate yanamtoka mdomoni, na kama anashindwa kumeza.

Joto hupanda juu ya nyuzi 38, na linaweza kupita 40. Tumia kipimajoto ikiwezekana, kwa sababu kiganja kwenye paji la uso hudanganya. Pima mara mbili kwa kupishanisha saa moja hivi wakati mnatafuta usafiri, uandike namba na saa. Jasho humtoka mgonjwa kwa wingi hata akiwa kivulini. Hesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima; kwa mtu mzima aliyelala, yakizidi 100 si kawaida. Kama una mashine ya presha, usishangae ukiona namba zikipanda na kushuka kati ya kipimo kimoja na kingine, kwani kuyumba huko nako ni dalili. Mwisho tazama mkojo: ukiwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, misuli tayari inavunjika na figo zimo hatarini.

Kusubiri mpaka dalili zote zitimie ni kosa kubwa kuliko kuwahi hospitali bure. Homa na ukakamavu vinatosha kukutoa nyumbani, na hata homa na kuchanganyikiwa tu kwa mtu aliyeanza dawa hizi wiki hii vinatosha.

Yanayowapotosha watu

Upotofu wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio mbaya kuliko yote, ni kudhani kwamba ugonjwa wa akili umezidi. Mgonjwa amenyamaza, hali chakula, hatambui watu. Ndugu wanakumbuka alivyokuwa kabla ya kutibiwa na wanahitimisha kwamba dawa haimtoshi. Basi anapewa kidonge cha ziada, au anarudishwa kliniki ambako, kama hakuna aliyempima joto, huongezewa sindano. Yaani kile kilichoianzisha hatari ndicho kinachoongezwa ili kuitibu. Kanuni ya kuzuia hilo ni nyepesi: mgonjwa wa akili ambaye hali yake imebadilika ghafla hapewi dozi ya ziada kabla ya kupimwa joto na kukunjwa mikono. Ugonjwa wa akili wenyewe kwa kawaida hauleti homa ya nyuzi 39, na familia ikilijua hilo peke yake itakuwa imepata kinga kubwa.

Upotofu wa pili ni malaria. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, homa na kuweweseka humfanya kila mtu afikirie malaria iliyopanda kichwani, na si vibaya kuifikiria, maana nayo huua. Tatizo hutokea pale kipimo cha haraka kinapoonyesha vimelea na kila mtu akaridhika. Watu wengi wanaoishi maeneo yenye mbu wanaweza kuwa na vimelea kwenye damu bila vimelea hivyo kuwa ndivyo vinavyowafanya waugue wakati huo, na mtu anaweza pia kuwa na magonjwa mawili kwa mpigo. Kwa hiyo jibu la malaria likiwa chanya, mgonjwa apewe dawa ya malaria, lakini swali la dawa za akili libaki mezani maadamu mwili wake umekakamaa. Jambo hilohilo lisemwe kuhusu homa ya uti wa mgongo, ambayo hukaza zaidi shingo, na pepopunda, ambayo huyabana mataya huku akili ya mgonjwa ikiwa timamu. Mama aliyejifungua karibuni, akapata ugonjwa wa akili wa uzazi na kuanzishiwa sindano, anastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa homa yake itahusishwa haraka na maambukizi ya kizazi.

Upotofu wa tatu ni madhara ya kawaida ya dawa zenyewe. Dawa hizi, hasa haloperidoli, zinaweza kumfanya mtu apindishe shingo, atoe ulimi nje, au macho yapande juu na kukwama. Hutisha sana kutazama, lakini mgonjwa huwa hana homa na anajielewa, na hospitalini hupewa dawa ikamlegeza ndani ya muda mfupi. Pia zinaweza kuleta, polepole na kwa wiki kadhaa, mtetemeko, mwendo wa kujikokota na uso usio na hisia, tena bila homa. Wengi wa wanaotumia dawa za akili hupewa pamoja nazo benziheksoli, ambayo mitaani hujulikana kwa jina la Artane, kwa ajili ya madhara hayo. Usimwongezee Artane mgonjwa mwenye homa na ukakamavu. Haiondoi NMS, na kwa kuwa inapunguza jasho inaweza kuufanya mwili uzidi kuchemka.

Kuna pia wale wanaosema ni jini au ni mkono wa mtu, na sitaingia kwenye ubishi huo. Ninachosema ni kwamba maombi na dua vinaweza kufanyika kando ya kitanda cha hospitali bila kupungukiwa chochote, wakati figo haziwezi kungoja mkesha uishe.

Nyumbani na njiani

Simamisha dawa zote za akili kwa wakati huu, lakini usizitupe. Zikusanye, pamoja na makasha, maganda ya vidonge, kadi ya kliniki na karatasi za daktari, uzitie kwenye mfuko mmoja wa kwenda nao. Kama alichomwa sindano ya muda mrefu, andika tarehe aliyochomwa, kwa sababu dawa hiyo haiwezi kutolewa mwilini na itaendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa.

Wakati usafiri unatafutwa, mpoze. Mvue blanketi na nguo nzito hata kama ana ngozi ya baridi viganjani, mlaze penye upepo, mpanguse mwili mzima kwa kitambaa kilicholowa maji ya kawaida, ukikazia kwapani, shingoni na kwenye mapaja, na mpepee au uwashe feni. Parasetamoli haina msaada mkubwa hapa, kwa kuwa joto hili halitokani na maambukizi; hivyo usiitoe kisha ukakaa kusubiri joto lishuke. Mpe maji kidogokidogo ikiwa tu yuko macho, anakaa na anameza vizuri. Akikohoa au maji yakimtoka pembeni mwa mdomo, acha mara moja, kwa sababu yanayoingia kwenye mapafu yataleta nimonia juu ya tatizo lililopo. Mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke nje.

Asifungwe kamba. Najua ni desturi katika nyumba nyingi pale mgonjwa anapoanza fujo, na najua familia hufanya hivyo kwa hofu, si kwa ukatili; lakini misuli inayopambana na kamba huzalisha joto zaidi na kuvunjika zaidi, na hicho ndicho kinachomuua mgonjwa huyu. Watu wawili watulivu wakikaa naye, wakizungumza naye kwa sauti ya chini, mara nyingi wanatosha, maana mgonjwa aliyekakamaa kwa kawaida hana uwezo wa kukimbia.

Bodaboda haifai, kwa sababu mtu aliyekakamaa na kusinzia hawezi kubanwa katikati ya wawili bila hatari ya kuanguka au kuzibwa pumzi. Tafuta gari la wagonjwa, gari la jirani au bajaji ambamo anaweza kulazwa ubavu huku madirisha yakiwa wazi. Kuhusu mahali pa kwenda, familia nyingi hutaka kumrudisha pale alipoandikiwa dawa, hata kama ni hospitali ya akili iliyo mbali, iwe Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi au Butabika ya Kampala. Hii ni dharura ya mwili mzima, na usiipite hospitali kubwa ya jumla iliyo karibu, yenye maabara, wodi ya wagonjwa mahututi na huduma ya figo, ili ukaiwahi ya mbali. Kliniki ya akili ipigiwe simu na kuulizwa dozi. Kama kilicho jirani ni zahanati tu, pitia hapo awekewe dripu ikiwezekana na uandikiwe rufaa, ila usikubali kulazwa kusubiri kesho.

La kumwambia daktari

Mapokezi ya dharura yana pilika nyingi, na maneno ya mwanzo ndiyo yanayoamua mgonjwa ataelekezwa wapi. Ukisema tu kwamba ndugu yako ni mgonjwa wa akili na amezidiwa, unaweza kuelekezwa upande usiofaa. Anza na homa, kisha ukakamavu, kisha dawa. Unaweza kusema hivi: «Daktari, shikamoo. Huyu ni kaka yangu, ana homa ya nyuzi 39 na mwili wake umekakamaa tangu jana jioni. Alianza haloperidoli wiki iliyopita na dozi iliongezwa juzi. Hajazungumza tangu asubuhi na mkojo wake ni mweusi. Dawa zake zote ziko kwenye mfuko huu. Naomba muangalie kama si NMS, na naomba asichomwe sindano nyingine ya dawa hizo kabla hamjajiridhisha.»

Sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mgonjwa akianza kuhangaika usiku wodini, muuguzi wa zamu ambaye hakuwepo wakati wa mapokezi anaweza, kwa nia njema, kumchoma haloperidoli au klopromazini ili atulie, au metoklopramidi ili asitapike. Omba iandikwe kwenye faili, mahali panapoonekana, kwamba dawa hizo zimesimamishwa, na kila zamu inapobadilika mkumbushe anayeingia. Usione haya kurudia. Wahudumu wazuri hawachukii kukumbushwa, na anayechukia atakuwa amesikia.

Hakuna kipimo kimoja kinachosema moja kwa moja kwamba hii ni NMS. Daktari huunganisha historia ya dawa, dalili na majibu ya maabara, na huyaondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine, kwa hiyo mgonjwa atapimwa malaria, damu, na pengine maji ya uti wa mgongo, na hilo lisikuudhi. Kipimo chenye msaada mkubwa ni cha kreatini kinase, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia. Katika NMS kwa kawaida hupanda angalau mara nne ya kiwango cha juu cha kawaida, na mara nyingi huvuka 1,000. Hospitali nyingi za wilaya hazikipimi. Hata hivyo kipimo cha mkojo cha kijiti, ambacho hakikosekani karibu popote, kikionyesha damu wakati darubini haioni chembe nyekundu, ni ishara kwamba kilichomo ni protini ya misuli. Vipimo vya figo na potasiamu havikwepeki, kwa kuwa potasiamu inayotoka kwenye misuli inaweza kusimamisha moyo. Chembe nyeupe za damu nazo hupanda bila kuwepo maambukizi, jambo ambalo limewahi kuwafanya wengi waishie kwenye antibiotiki.

Tiba ya msingi ni kusimamisha dawa, maji mengi kwa njia ya mishipa, kupoza mwili, na kuuchunga moyo, pumzi na figo saa baada ya saa. Diazepamu au lorazepamu hutumika kumtuliza na kulegeza misuli. Kwa hali kali, madaktari wanaweza kuongeza bromokriptini au amantadini, ambazo huirudishia dopamini nguvu yake, au dantrolini, ambayo hulegeza misuli moja kwa moja lakini ni adimu. Mgonjwa asipopata nafuu, huenda ikapendekezwa tiba ya mshtuko wa umeme, ambayo hufanywa mgonjwa akiwa kwenye usingizi wa ganzi. Familia nyingi huikataa kwa kusikia jina tu, na ningeshauri angalau waulize maswali kabla ya kukataa.

Aliyekuwa akimeza vidonge kwa kawaida huanza kurudi kwenye hali yake ndani ya wiki moja hadi mbili. Aliyechomwa sindano ya muda mrefu anaweza kuchukua muda mara mbili yake, na mnaomuuguza mjipange kwa zamu za siku nyingi. Kwa kuwa amelala bila kujisogeza, ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, na daktari aulizwe kuhusu damu kuganda kwenye miguu.

Kurudi kwenye matibabu ya akili

Hapa ndipo palipo na mvutano. Familia iliyoponea chupuchupu huapa kwamba mgonjwa hatagusa tena dawa hizo, na mgonjwa mwenyewe hukubali kwa furaha. Miezi michache baadaye ugonjwa wa akili unarudi kwa nguvu zilezile zilizosababisha apelekwe kliniki mara ya kwanza. Wengi wa waliowahi kupata NMS wanaweza kutumia tena dawa za saikosisi kwa usalama, mradi kurudi huko kuwe kwa mpango. Kwa kawaida husubiriwa angalau wiki 2 baada ya dalili zote kwisha, na muda mrefu zaidi kwa aliyekuwa kwenye sindano ya mwezi. Huchaguliwa dawa tofauti na ile ya mwanzo, isiyoibana dopamini kwa nguvu sana, kwa mfano kuetiapini au klozapini. Dozi huanza chini na kupanda taratibu. Sindano za muda mrefu huepukwa, na lithiamu haichanganywi. Katika kipindi cha kusubiri, daktari anaweza kutumia dawa za jamii nyingine kumtuliza.

Katika wiki hizo za kuanza upya, mgonjwa apimwe joto asubuhi na jioni, akunjwe mikono kama ilivyoelezwa, na yote yaandikwe kwenye daftari. Anywe maji ya kutosha, zaidi katika miji ya pwani yenye joto na unyevu, na asifanye kazi ngumu juani. Kama mwezi wa Ramadhani unaangukia kwenye wiki hizo, azungumze na daktari kabla ya kufunga, kwa kuwa ukosefu wa maji kwa mchana mzima ni hatari isiyo ya lazima kwake, na ruhusa ya mgonjwa kutofunga inajulikana. Akipata kuhara, kutapika au homa yoyote, kliniki ijulishwe siku hiyohiyo badala ya kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Asiyewahi kuipata hali hii, na anayeendelea vizuri na dawa zake, asiziache kwa sababu ya kusoma maelezo haya. Kuacha ghafla kuna hatari yake, na kwa walio wengi hatari hiyo ni kubwa na ya karibu zaidi kuliko NMS.

Kwa aliyewahi kuipata, omba hospitali iandike kwenye kadi yake jina la dawa iliyohusika, tarehe, dozi, na neno NMS kwa herufi kubwa. Karatasi hiyo ionyeshwe kwa daktari yeyote atakayemwona baadaye, hata daktari wa meno, wa upasuaji, au anayemtibu kutapika tu, kwa sababu wao ndio wanaoweza kuandika Plasil bila kujua. Nakala moja akae nayo mgonjwa, nyingine ikae kwa mtu anayeishi naye, na picha yake iwe kwenye simu za wote wawili.